Mbuyu Uliogeuka Kilima: Jinsi Nukta za Droni Zinavyosafishwa Kabla ya Kuwa Ramani ya Mafuriko

Kutoka dawati la upimaji na ramani

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama katika baraza la chifu, chini ya mwembe, nimetandaza ramani kubwa juu ya meza mbili zilizounganishwa. Ilikuwa rasimu ya kwanza ya ramani ya vimo vya ardhi ya kijiji kile. Tuliitengeneza kwa picha za droni, na lengo lilikuwa kuamua mtaro mkubwa wa maji ya mvua upite wapi. Mzee mmoja alivaa miwani, akainama, akaweka kidole juu ya duara la rangi ya kahawia.

"Mwanangu, hapa mmechora nini?"

"Hapo ni kilima, mzee."

"Kilima cha lini? Hapo ni shambani kwangu. Nimelima hapo tangu sijaoa. Hapo hapana kilima, pana mbuyu."

Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini nilirudi ofisini nikiwa sina raha. Tulipozifungua picha upya tuliuona mbuyu wenyewe, matawi yametanda upana wa nyumba mbili. Kompyuta ilikuwa imechukua kimo cha matawi ikadhani ni udongo.

Kosa hilo lisingekuwa na uzito kama ramani ingekuwa ya kupamba ukuta. Shida ni kwamba programu ya kukokotoa njia ya maji ilikuwa imeshakubali kuwa pale pana kilima. Ikayazungusha maji upande wa mashariki, kwenye nyumba ambazo hazijawahi kulowa, na ikaziacha kavu zile za magharibi ambazo kila masika hutoa magodoro nje. Kama mtaro ungechimbwa kwa kufuata karatasi ile, fedha za umma zingezikwa pasipo na maji.

Makala haya yanaeleza kazi inayofanywa kati ya droni kutua na ramani kufika barazani. Huitwa kusafisha. Ukijua kujumlisha na kugawanya, utaifuata. Na ni vizuri uifuate, kwa sababu kila mara tunaposafisha tunaamua kipi kibaki na kipi kiondoke, na uamuzi huo unaweza kuiweka nyumba yako ndani ya maji au nje ya maji.

Wingu la nukta

Droni inapopita juu ya kijiji hupiga picha nyingi zinazopandana, hivi kwamba kila jiwe na kila kona ya paa huonekana katika picha kadhaa kutoka pembe tofauti. Kompyuta hulinganisha picha hizo kama macho yako mawili yanavyofanya, ikapata umbali. (Funga jicho moja ujaribu kutia uzi kwenye tundu la sindano, utaelewa kwa nini picha moja haitoshi.) Njia ya pili ni leza: chombo hutuma mwale, huhesabu muda unaochukua kwenda na kurudi, na muda huo hugeuzwa kuwa umbali.

Njia zote mbili huleta kitu kimoja, yaani nukta. Kila nukta ni namba tatu tu: iko wapi kuelekea mashariki, iko wapi kuelekea kaskazini, na kimo chake ni kiasi gani. Kijiji kimoja huweza kutoa mamilioni ya nukta. Zikionyeshwa pamoja kwenye skrini huonekana kama vumbi lililoganda hewani, ndiyo maana sisi wa kazi hii tunaliita wingu la nukta.

Kati ya nukta na nukta hakuna kitu. Ili tupate uso ambao maji yanaweza kutiririka juu yake, programu huunganisha nukta jirani tatu tatu kufanya pembetatu, na pembetatu zikishikana unapata kitu kama wavu wa mvuvi uliotandazwa juu ya nchi. Wavu huo hauchagui. Hulala juu ya udongo, juu ya paa la mabati, juu ya mnazi, juu ya ng'ombe na juu ya matatu iliyosimama stejini.

Uchafu wa kwanza tunaoukuta ni nukta za uongo mtupu. Ndege amepita, au kompyuta imelinganisha vibaya picha mbili. Mabati mapya yanayong'aa na maji yanayotikisika ndiyo wazazi wakubwa wa nukta hizi, kwa sababu hayafanani katika picha mbili zilizopigwa kutoka sehemu tofauti. Nyingine huangukia mita kadhaa chini ya ardhi. Kwenye wavu, nukta ya uongo iliyo juu hutokea kama mwiba, na iliyo chini hutokea kama kisima. Hizi hazina utetezi wowote, na kuziondoa si kazi kubwa.

Uchafu wa pili si uongo. Mti upo kweli, nyumba ipo kweli, ila si ardhi. Hapa ndipo kazi ilipo.

Chukua kalamu

Tuseme tumepima nukta tisa katika shamba la minazi, hatua moja kati ya nukta na nukta. Vimo vyake kwa mita, kutoka usawa wa bahari, ni hivi:

12.1   12.3   12.2
12.4   19.6   12.5
12.3   12.6   12.4

Hata bila hesabu unaiona ile ya katikati. Shamba zima liko mita 12 na kitu, halafu ghafla 19.6. Huo ni mnazi. Lakini kompyuta haioni shamba, inaona namba, kwa hiyo lazima tuipe kanuni.

Kanuni ambayo kila mtu huifikiria kwanza ni wastani: jumlisha zote tisa, gawanya kwa tisa, weka jibu mahali pa ile ya katikati. Jumla ni 118.4. Ukigawanya kwa 9 unapata karibu 13.2. Mwiba umepungua, lakini ardhi halisi hapo ni kama mita 12.4, kwa hiyo tumeinua shamba kwa takriban sentimita 80. Tena si hapo katikati tu. Kila nukta jirani ikisafishwa kwa kanuni hiyo hiyo itaguswa nayo na ile 19.6. Mwiba mwembamba unageuka kuwa tuta pana, na mnazi unakuwa kilima kidogo cha uongo ambacho sasa hakishtui macho. Nadhani hilo ni baya kuliko mwiba wenyewe. Mwiba angalau unajitangaza.

Kanuni ya pili ni kuzipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua iliyo katikati ya safu:

12.1, 12.2, 12.3, 12.3, 12.4, 12.4, 12.5, 12.6, 19.6

Ya tano ni 12.4. Mnazi umetoweka, ardhi imebaki ilipokuwa. Hata mnazi ungekuwa na kimo cha mita 40, jibu lingekuwa lile lile, maana kanuni hii haijali namba ya mwisho ni kubwa kiasi gani. Ni njia ya zamani, rahisi, na bado inatumika sana.

Dawa ile ile huua mtaro

Sasa tuipeleke kanuni hiyo nzuri mahali pengine. Huu ni mtaro wa kando ya barabara, kina cha sentimita 60. Tumeukata kwa nukta tano kutoka ukingo mmoja hadi mwingine:

12.4   12.4   11.8   12.4   12.4

Safisha kwa kuchukua nukta tatu tatu na kuacha iliyo katikati ya safu. Mahali pa mtaro tuna 12.4, 11.8 na 12.4. Zikipangwa: 11.8, 12.4, 12.4. Ya katikati ni 12.4. Mtaro umefutika wote. Kompyuta imeuona kama kisima cha uongo na kuufukia, na hakuna aliyeshika koleo.

Ukitumia wastani, mtaro haufi kabisa lakini unaugua: (12.4 + 11.8 + 12.4) gawanya kwa 3 ni 12.2. Kina cha sentimita 60 kimekuwa sentimita 20, na umepanuka, kwa sababu nukta za kando nazo zimeshuka hadi 12.2. Maji ambayo yangebaki mtaroni, kwenye ramani yanamwagika barabarani na kuingia madukani.

Kwa hiyo kanuni iliyotuokoa na mnazi ndiyo inayotunyima mtaro. Hakuna namba inayosema, "mimi ni mti," au, "mimi ni mfereji uliochimbwa na vijana wa wadi." Kulainisha huufanya uso upendeze, na ramani laini huwavutia watu mkutanini. Mimi binafsi nikiona ramani ya vimo iliyolainika mno, bila mkunjo wala kovu, huanza kuuliza mitaro imekwenda wapi.

Kuipindua ardhi

Programu za siku hizi hazitegemei kanuni moja ya namba tisa. Njia moja iliyochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa China inaelezeka vizuri kwa mtu yeyote aliyewahi kutandika leso juu ya kitanda. Kompyuta hulipindua wingu lote la nukta juu chini. Miti na nyumba zilizokuwa zimesimama sasa ni mashimo yanayoning'inia. Halafu hudondosha kitambaa cha kufikirika juu ya ardhi hiyo iliyopinduliwa. Kitambaa kinalala juu ya ardhi, na kinapofika kwenye shimo jembamba la mti kinapita juu yake bila kuzama. Nukta zilizo karibu na kitambaa huitwa ardhi. Zilizobaki mbali nacho, ndani ya mashimo, ni miti na majengo, nazo huwekwa kando.

Kitambaa kina ugumu wake, na ugumu huo huchaguliwa na mtu. Kikiwa laini kama leso iliyofuliwa mara nyingi, kitazama ndani ya mashimo mapana. Maana yake ni kwamba paa pana la soko au la ukumbi wa kanisa litahesabiwa kuwa ardhi. Kikiwa kigumu kama turubai, kitapita juu ya kila kitu chenye mwinuko wa ghafla, hata kilicho cha udongo kweli: kichuguu kikubwa, ukingo wa mto, na tuta lililojengwa kuzuia maji.

Hilo la tuta ni zito. Tuseme wakaazi wa kando ya mto wamejenga tuta kwa mikono yao, upana wa hatua tatu, kimo cha kifua. Kitambaa kigumu kikilikata, ramani ya mafuriko itaonyesha maji yakiingia vijijini kana kwamba hakuna kilichojengwa. Jina la kijiji litaandikwa kwenye orodha ya maeneo hatari, na watu wataambiwa wasijenge. Kinyume chake nacho hutokea. Mstari mnene wa michongoma kando ya shamba, usipoondolewa, utaonekana kama tuta, na waliopo nyuma yake watahesabiwa kuwa wako salama.

Daraja linalozuia mto

Kuna kosa moja ninalokutana nalo karibu katika kila rasimu. Barabara imepandishwa kwa udongo, na chini yake pana kalavati la kupitisha maji. Droni iko juu, inaona lami. Haioni tundu la chini. Kwenye wavu, barabara inakuwa ukuta mzima usio na mlango. Ukimwaga mvua ya kompyuta juu ya ramani hiyo, maji yatajaa upande mmoja na kufanya ziwa ambalo mtu yeyote wa pale atakuambia halipo. Daraja la mto nalo ni hivyo hivyo.

Dawa yake haiko kwenye programu. Mtu hutembea kwa miguu, hupima pande mbili za kalavati, kisha kwenye kompyuta hutoboa ukuta ule kwa mkono. Kalavati lisiporipotiwa halitoboki. Na kalavati lililoziba kwa taka likitobolewa kwenye ramani, ramani itasema maji yanapita wakati hayapiti. Anayejua lipi linapitisha na lipi limeziba ni mkaazi wa pale.

Mashimo

Pale tulipong'oa nyumba na miti panabaki mashimo kwenye wavu. Lazima yazibwe, la sivyo maji ya kompyuta yatapotelea humo. Programu huvuta uso kutoka pande zote za shimo na kuufunga. Shimo dogo chini ya mnazi mmoja halileti taabu. Shimo la ekari nzima chini ya mikoko au msitu mnene ni jambo jingine kabisa: ardhi yote inayoonekana hapo imekisiwa, lakini kwenye karatasi ina rangi ile ile na mistari ile ile kama iliyopimwa. Leza husaidia, kwa kuwa mwale mmoja unaweza kugusa jani, kisha tawi, kisha kupenya hadi chini. Picha haziwezi. Penye kivuli kizito, picha huona majani basi.

Watu wanaofundishwa kazi hii duniani kote huonyeshwa sungura mmoja wa udongo. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Greg Turk na Marc Levoy, walimpima sungura huyo wa mapambo kwa leza kutoka pande mbalimbali, wakaunganisha vipimo hadi kupata wavu wa pembetatu 69,451. Chini ya tumbo lake wavu una matundu. Baadhi ni matundu ya kweli, maana mfinyanzi alimfanya sungura huyo mtupu ndani. Mengine ni sehemu ambazo leza haikufika. Kwenye kompyuta yote yanafanana. Ukiyaziba yote umedanganya kuhusu sungura, na ukiyaacha yote umedanganya pia. Njia pekee ya kujua ni kumwinua sungura mwenyewe ukamtazama. Kwetu sisi, kumwinua sungura ni kwenda shambani.

Kuna pia mshono. Kijiji kikubwa hakipimwi kwa safari moja ya droni, na safari mbili zikifungwa kwenye alama tofauti za kimo, unapata ngazi katikati ya ardhi tambarare. Hapa kwetu pwani mshono huo unaweza kuwa mkubwa sana, kwa sababu kimo ambacho setilaiti humpa mtu aliyesimama ufukweni ni hasi, zaidi ya mita 20 chini ya sifuri. Setilaiti haikukosea, ila inahesabu kutoka umbo la kihesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari. Safari moja ikigeuzwa na nyingine isigeuzwe, ngazi hiyo kila mtu ataiona. Inayotutia hofu ni ngazi ya sentimita 15, ambayo hakuna anayeiona ila maji.

Kosa lililohesabiwa kwa watu

Usidhani haya ni ya vijiji tu. Februari 2000 chombo cha anga za juu cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na mlingoti wa mita 60, kikipima vimo vya ardhi kwa rada. Kilipima karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote. Vipimo hivyo hutolewa bure, na kuanzia mwaka 2014 Afrika ilipata vile vya kina zaidi, nukta moja kwa kila mita 30 hivi. Wapangaji wengi wa bara hili wamevitegemea, sisi tukiwemo.

Vipimo vilikuja na miiba, visima na mapengo, hasa milimani na penye maji, na kazi ya kuvisafisha ilichukua miaka. Lakini jambo kubwa halikuwa miiba. Rada ile haikufika kwenye udongo penye msitu au mji. Ilirudi kutoka kwenye majani na mapaa. Kwa hiyo mabonde ya pwani yenye mikoko na miji iliyosongamana yalionekana yako juu kuliko yalivyo. Mwaka 2019 Scott Kulp na Benjamin Strauss, wa shirika la Climate Central la Marekani, walichapisha hesabu mpya baada ya kuirekebisha ardhi ya pwani ya dunia nzima kwa kompyuta iliyofunzwa kwa vipimo vya leza. Kwa vipimo vya awali, watu wanaoishi chini ya usawa wa maji kujaa walikuwa milioni 28. Baada ya marekebisho, walikuwa milioni 110.

Watu hao hawakuhama. Bahari haikupanda kati ya hesabu moja na nyingine. Kilichobadilika ni miti na mapaa kuondolewa chini ya namba.

Tena kuna jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza. Watafiti wengine walichukua vile vile vimo vya majani vinavyotusumbua sisi, wakakadiria navyo urefu wa mikoko katika pwani za Afrika. Kwao majani ndiyo mali, na udongo ndio wa kuondoa. Kwa hiyo mtu akikuambia data zake ni safi, muulize zimesafishwa kwa kazi gani.

Ramani ikiletwa kwenu

Katiba na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 zinakupa nafasi ya kushiriki katika mipango kabla haijapitishwa, na ramani ya mafuriko au ya mitaro ni sehemu ya mipango hiyo. Huhitaji kuwa mpima ardhi ili uulize maswali yenye maana.

Uliza kwanza kama uso unaoonyeshwa ni ardhi tupu au ni ardhi pamoja na miti na nyumba. Afisa akisita, hapo pana kazi haijakwisha. Uliza ni wapi ardhi imepimwa na ni wapi imekisiwa, na uombe maeneo yaliyokisiwa yatiwe alama kwenye ramani. Hili ni ombi la haki, nasi tunaweza kulitimiza. Uliza kalavati na madaraja yapi yametobolewa, kisha taja yaliyosahauliwa na yaliyoziba.

Halafu uliza kosa la kimo ni kiasi gani. Kazi iliyofanywa vizuri huwa na alama za uhakiki, yaani sehemu ambazo mpima ardhi alizipima kwa miguu na kuzificha zisitumike kutengeneza uso, ili baadaye zilinganishwe nao. Ukiambiwa kosa ni sentimita 10, ramani inaweza kuzungumza juu ya mafuriko ya magoti. Ukiambiwa ni mita moja, ramani hiyo haiwezi kutofautisha nyumba yako na ya jirani, hata kama rangi zake zinatofautisha. Na uulize alama hizo ziliwekwa wapi. Alama zote zikiwa barabarani, kosa litakuwa dogo, kwa kuwa barabara ni rahisi kupima. Chini ya minazi hakuna aliyehakiki.

Ripoti ya vipimo ni hati ya umma. Usipoipata kwa kuuliza, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21.

Lakini msaada mkubwa kuliko maswali ni ule ambao mzee wa mbuyu alinipa, na ambao hakuna droni itakayouleta. Nyumba nyingi zina mstari ukutani, mahali ambapo maji yaliishia mara ya mwisho yalipoingia. Usiupake rangi kabla hujaupima. Shika futi, pima kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, andika sentimita ngapi, mafuriko ya mwaka gani na mwezi gani, na ukuta ni wa chumba kipi. Kama maji yalifika kwa jirani na kwako hayakufika, andika hilo pia, kwa maana "hapa hayakufika" ni kipimo kama kingine chochote. Peleka karatasi hiyo kwa msimamizi wa wadi au uje nayo barazani. Tutaiweka juu ya uso wa kompyuta, na pale ambapo ukuta wako na ramani yetu vitapingana, tutakuja kupima upya.

Yule mzee ameshatuletea tatu. Mbili zimekubaliana na ramani mpya. Ya tatu, ya nyuma ya zizi lake, bado inatupinga kwa sentimita 30, na wiki ijayo tunarudi huko na vyombo.